KOMPRESSOR: Beji Iliyong'ara Berlin, Ikaja Kuzima Barabara ya Mtumba

Jina lake kapuni. Ni mtumishi wa wizara moja, mmoja wa wale walioifuata Serikali Dodoma baada ya tangazo la Julai 2016, na kama wengi wa rika lake alikuwa na ndoto ya kushuka kwenye ndinga ya Mjerumani mbele ya ofisi mpya za Mtumba. Akaipata. Mercedes-Benz C-Class rangi ya fedha, used kutoka Japani, na nyuma kwenye buti neno moja la kutambia: KOMPRESSOR.

Miezi michache baadaye mchezo ukaanza. Asubuhi gari linawaka bila shida. Akikaribia Ihumwa, bodaboda anakatiza mbele, jamaa anaachia mafuta na kushika breki, sailensa inaporomoka, taa za dashibodi zinawaka zote kama ukumbi wa harusi, halafu kimya. Lori nyuma linapiga honi. Bajaji wanapita wakichungulia. Benzi la bosi limezima katikati ya lami.

Kisa hiki kimewapata wengi, ndiyo maana jina halina kazi hapa. Chenye kazi ni lile neno la kwenye buti. Lina miaka zaidi ya 100, na ukilifuatilia lilikotoka utajua gari linazima kwa nini.

Mashine yenyewe haikuzaliwa kwa ajili ya magari. Katika miaka ya 1860, ndugu wawili wa ukoo wa Roots, wa mji wa Connersville, Indiana, Marekani, walitengeneza pampu yenye mapanga mawili yanayozunguka yakipishana bila kugusana. Kazi yake ilikuwa kupuliza hewa kwenye matanuru ya kuyeyushia chuma na kwenye migodi. Baadaye wahandisi wa injini wakaona kitu: ukiilazimisha injini kumeza hewa nyingi kuliko inayovuta yenyewe, unaweza kuipa petroli nyingi zaidi, na nguvu inapanda bila kuongeza ukubwa wa injini. Vita ya Kwanza ya Dunia ikaharakisha mambo, kwa sababu ndege zikipanda juu hewa inakuwa nyepesi na injini zinakosa pumzi. Vita ilipoisha, ujuzi huo ukashuka barabarani. Mwaka 1921, kwenye maonyesho ya magari Berlin, Mercedes ilionyesha magari ya kuuzwa yaliyofungwa supachaja. Wajerumani wakaliita jina lao, Kompressor.

Zile za zamani zilikuwa na tabia ya kistaa. Supachaja ililala muda wote hadi dereva akanyage mafuta mpaka chini, ndipo inajiunga na injini na kupiga yowe la kusikika mtaa wa pili. Matajiri wa miaka ya 1920 na 1930 walilipenda lile yowe kama vijana wa leo wanavyopenda "pshhh" ya Subaru. Ila kulikuwa na faida moja ambayo haikutangazwa. Gari likiwa linanguruma polepole, supachaja haifanyi kazi. Mabomba yake yakivuja, unapoteza mbio, basi. Huzimi kwenye mzunguko.

Na Dodoma? Jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kwa hiyo injini ya kawaida ikishapita Gairo kuja huku inakuwa imeshapungukiwa nguvu hata kama dereva hajagundua. Uwanda huu ni kama umeumbiwa supachaja. Tatizo ni kwamba uwanda huohuo una vumbi, na Afrika Mashariki ilishaona mapema vitu hivyo viwili vikikutana.

Pasaka ya 1993, kwenye Safari Rally ya Kenya, Subaru ilileta kigari watu wakacheka. Vivio, injini ya cc 660 tu, yenye supachaja. Mmoja wa madereva wake alikuwa Colin McRae wa Scotland, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Hakumaliza. Aliyefika mwisho na Vivio alikuwa Mkenya, Patrick Njiru, nafasi ya 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake, kwenye mashindano ambayo Toyota Celica za tabo zilizoa nafasi nne za juu. Kwa barabara za Safari ile, kumaliza tu na injini ya ukubwa huo ni heshima. Injini ya namna hiyo inavuta hewa kwa nguvu, na mpira wowote uliopasuka kati ya chujio na supachaja unavuta vumbi lote la njia. Haliulizi kama wewe ni bingwa.

Mercedes ilikuwa imeliacha neno Kompressor kwa miongo mingi. Ikalirudisha katikati ya miaka ya 1990, na mwaka 2002 ikaja injini ya cc 1,800 ambayo ndiyo iliyojaa kwenye C-Class zilizofika kwetu. Kwenye C200 ilitoa nguvu farasi 163. Hapo ndipo akili ya Mtanzania ilipoingia. Ushuru wa bidhaa kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, likivuka 2,000 ni asilimia 10. Kompressor inakupa mbio za injini kubwa kwa ushuru wa injini ndogo. Wadau wakazinunua, na si kwa beji peke yake.

Lakini hii Kompressor mpya si ile ya babu. Hii inaendeshwa na kompyuta, na kompyuta inahesabu hewa. Baada ya eya klina kuna sensa inayopima hewa yote inayoingia, na kontrol boksi inatoa petroli kulingana na hesabu hiyo. Chukulia ni geti la Uwanja wa Jamhuri. Mlangoni wanahesabu watu, idadi inapelekwa kwa mpishi, anapika pilau ya kuwatosha. Sasa ukuta wa nyuma ukibomoka, watu wanaingia bila kuhesabiwa. Pilau haitoshi. Kwenye injini, hiyo ni hewa nyingi na petroli kidogo: sailensa inapanda na kushuka, gari linamisi, ukiachia mafuta ghafla linakata roho. Ikitokea kinyume, yaani bomba limepasuka baada ya supachaja ambako hewa imeshakandamizwa, waliohesabiwa wanatoroka na pilau inabaki. Moshi mweusi, harufu ya petroli, gari zito mlimani.

Kwenye injini hizi za 1,800, ukuta unaobomoka mara nyingi ni mipira midogo ya kupumulia injini, iliyojificha chini huko karibu na supachaja. Inapitisha mvuke wa oili, inapikwa na joto mwaka hadi mwaka, inakauka na kupasuka kama nyayo za mtu asiyepaka mafuta. Mpasuko mwingine hauonekani mpaka uukunje mpira kwa vidole. Na gari lililofika nchini likiwa na umri wa miaka kumi, mipira yake ina umri huohuo, hata kama rangi ya nje inang'aa.

Sasa rudi kwa mtumishi wetu. Gereji bubu ya kwanza, kijana akachomoa soketi ya ile sensa ya hewa. Gari likatulia! "Bosi, tumeshaipata, sensa imekufa." Hapa ndipo watu wengi wanapigwa, na si lazima fundi awe tapeli. Ukichomoa sensa, kompyuta inaacha kuhesabu na kutumia makadirio iliyopewa kiwandani, ambayo kwa bahati yanaweza kulifaa gari linalovuja. Kwa hiyo kutulia kwake hakumaanishi sensa ni mbovu. Jamaa akanunua sensa used, gari likazima tena. Akabadilishiwa plagi. Akabadilishiwa koili. Mtu wa tatu akaanza kutaja kontrol boksi, ile spea ambayo ukisikia bei yake unakaa chini kwanza.

Pesa ikawa imekwenda, na hatari ikabaki palepale. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na akiba ya kukanyaga mara moja au mbili kabla mguu haujakutana na kitu kigumu kama jiwe. Ihumwa ni tambarare. Mtu anayekwenda Mwanza na gari hilohilo atakutana na mteremko wa Sekenke, kule Singida, na malori yakiwa mbele na nyuma yake.

Aliyelitibu alikuwa fundi mtu mzima wa Majengo, wa kizazi kilichojifunzia kwenye kabureta. Kijana wake ndiye aliyechomeka mashine, lakini mzee hakuuliza taa ya cheki injini inasema nini. Aliuliza kompyuta inaongeza petroli kwa asilimia ngapi gari likiwa sailensa. Ishirini na kitu. "Sasa kanyaga mpaka elfu mbili na mia tano." Ikashuka, ikakaribia tano.

"Umeona? Inavuja," mzee akasema. "Injini ikilala tundu linaonekana kubwa, ikivuta hewa nyingi tundu linamezwa. Sensa ingekuwa mbovu isingeshuka hivyo."

Hawakunyunyizia petroli wala spirti kwenye injini ya moto, kama wanavyofanya wengine mpaka siku moto uwake. Walizima gari, likapoa, wakaziba mdomo wa bomba la hewa kwa kipande cha chupa ya plastiki na klipu, wakaingiza upepo kidogo sana wa pampu ya tairi, halafu povu la sabuni kwa brashi, kiungo kwa kiungo. Juu hakukuwa na kitu. Chini, karibu na ukuta wa injini, povu likaanza kuchemka taratibu.

Kufungua kulikula nusu siku, kwa sababu mkono haufiki bila kutoa vitu vingine. Mzee alikataa kufunga mpira wa zamani kwa selotepu na gundi. Joto lingeifungua ndani ya wiki. Mpira mpya uliagizwa Dar, ukafika kwa basi. Eya klina ikabadilishwa, makadirio ya zamani yakafutwa kwenye kompyuta, na kabla ya yote hayo mzee alipitisha kidole ndani ya bomba la kuingilia supachaja na kukitazama kwenye mwanga. Kilikuwa na vumbi jekundu, laini kama poda.

"Ungechelewa mpaka kiangazi kingine," akamwambia, "tungekuwa tunaongea habari ya injini."

Mtumishi aliondoka na mpira uliopasuka ndani ya mfuko, mrefu kama kiganja. Ile sensa ya kwanza, iliyokuwa nzima siku zote, alishaiacha kule gereji bubu.