Kaskazi Haikuuliza Viza

Kila Desemba kaskazi ikianza kuvuma, mzee mmoja Mjerumani hurudi kwa jirani yetu hapa Ganjoni. Ni mstaafu. Baridi ya kwao, asema, yamtafuna mifupa. Hukodi chumba cha juu mpaka Machi, asubuhi hununua mahamri kama sisi, na watoto wa mtaa washamzoea, wamuita babu.

Si wa kwanza. Kwa karne nyingi majahazi ya Oman, Ghuba na Bara Hindi yaliingia Bandari ya Kale kwa kaskazi hii hii, yakashusha tende na mazulia. Kusi ikianza, kama Aprili, yalirudi na boriti za mikoko na pembe za ndovu. Katikati hapo mabaharia walikodi vyumba, wakauza, wakangoja. Wengine walioa, wasirudi tena. Muda wa mgeni kukaa ulipangwa na upepo.

Siku hizi wapangwa na muhuri. Tarehe 12 Desemba 2023 Rais Ruto alitangaza kwamba Kenya yafuta viza kwa wageni wote. Januari 2024 ikaja idhini ya mtandaoni, dola 30. Babu wetu hupewa siku 90, na aweza kuomba nyongeza mpaka miezi sita. Akitaka kuhamia kabisa, kuna kibali cha daraja K: uwe na miaka 35 au zaidi, na mapato ya uhakika ya dola 24,000 kwa mwaka. Pensheni yatosha kumfungulia mlango.

Sasa njoo kwa nyanya yangu. Binti yake ni muuguzi Ulaya. Viza ya Schengen nayo ni siku 90, katika kila siku 180. Hesabu ni ile ile, ila mlango sio. Tangu Juni 2024 ada ni euro 90, na ukikataliwa hairudi. Nyanya ametakiwa kuthibitisha kwamba hatobaki huko: benki ana nini, kazi gani, nyumba ya nani. Amekataliwa mara mbili.

"Mimi nisirudi Ganjoni, niende wapi?" aliniuliza, barua mkononi. Sikuwa na jibu.

Machi iliyopita babu alipofunga mizigo, nyanya alimpa kifurushi cha halua akamtumie binti yake kwa posta akifika. Halua ilifika wiki hiyo hiyo.