Lilizaliwa na uhaba, likalazwa na uhaba

Tulipoyaondoa mabati yaliyoegemezwa mbele ya banda, kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa taa mbili zilizokaribiana, zimefumbwa na vumbi. Land Rover 109 ya mjomba ilikuwa imekaa juu ya mawe manne tangu mwaka 1982, hapo hapo kwenye mteremko wa Nyandira, Mgeta, ambako ukungu hushuka hata mchana. Magurudumu aliyachomoa mwenyewe, akayafunga kwenye magunia na kuyapandisha darini. Plagi zote nne alizitia katika kopo la maziwa lililojaa oili, na matundu yake akayaziba kwa vitambaa. Anayetupa gari hahangaiki hivyo. Mjomba alililaza gari lake kama mkulima anavyoweka mbegu.

Alifariki bila kuliamsha. Kwa sisi Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mpwa humrithi mjomba wake, lakini mila hizo ziliwekwa kabla magari hayajafika. Je, gari ni kama shamba, au ni kama saa ya mkononi ambayo baba humwachia mwanawe? Wazee walikaa vikao viwili. Mwishowe watoto wake wakabaki na nyumba, sisi wapwa tukakabidhiwa gari, kwa sharti lililotolewa na binti yake mkubwa: lisiuzwe kamwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Kilicholisimamisha gari lile hakikuwa injini wala gia boksi. Zilikuwa raba za breki, vipande vya mpira vinavyokaa ndani ya silinda ya breki kuzuia mafuta yasivuje, vingine havizidi upana wa sarafu. Mwaka 1982 raba hizo hazikupatikana Morogoro, hazikupatikana Dar es Salaam. Wapo madereva waliokata za kwao kutoka kwenye tyubu kuukuu wakaendelea na safari. Mjomba alikataa. Alikuwa akishusha watu na mizigo ya kabichi kutoka Mgeta hadi mjini, na barabara ile ina kona ambazo upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni vilele vya migomba ya watu wa chini.

Kueleza jinsi kipande cha mpira kilivyoweza kulaza gari zima kwa miaka arobaini, inabidi nianzie mbali kidogo.

Mwaka 1947 mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, Maurice Wilks, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, huko Wales, na gari alilolitumia shambani lilikuwa Jeep la jeshi la Marekani lililobaki baada ya vita. Lilipochakaa hakuona la Kiingereza la kushika nafasi yake, akaamua kulibuni. Uingereza ya wakati huo ilikuwa imechoka. Chuma kilitolewa kwa mgawo, na viwanda vilivyouza nje ndivyo vilivyofikiriwa kwanza. Kwa hiyo bodi ya gari jipya ikatengenezwa kwa aloi ya alumini iitwayo Birmabright, mabati yakabaki bapa ili yasihitaji mashine ghali za kuyakunja, na rangi ikawa ya kijani kwa sababu ndiyo iliyobaki tele katika maghala ya jeshi. Land Rover ikaoneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kila kitu ambacho leo watu wanakisifu kuwa ni sura yake, asili yake ni kukosa kitu kingine.

Uluguru haikulipokea gari hilo kwa vigelegele. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 Land Rover ilikuwa gari la serikali ya kikoloni, na serikali hiyo ilikuja milimani na mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko yao. Kazi ilikuwa ngumu, na mara nyingi udongo wa chini usio na rutuba uliishia juu. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo kupinga matuta. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango wenyewe ukafa muda si mrefu. Ninapowaza wazee wangu wakisikia mlio wa injini ile ukipanda bonde, nadhani haukuwaletea furaha. Lakini miaka hiyohiyo Mwalimu Nyerere alikuwa akizunguka nchi kwa Land Rover ya TANU. Gari lilelile likabadilisha abiria wake.

Baada ya Uhuru lilienea kila mahali: misheni, hospitali, mabwana shamba, mashirika ya umma yenye namba za SU. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yaani kama mita 2.77, na urefu huo ndio ulioipendeza milima, kwa kuwa nyuma palitosha watu, magunia na mbuzi kwa pamoja. Ya mjomba ni Series IIA, ile ambayo taa zake bado ziko katikati, mbele ya rejeta, kabla hazijahamishiwa kwenye madgadi mwishoni mwa miaka ya 1960. Injini yake ni ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Aliinunua ikiwa imeshatumika.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Spea nyingi zilizoea kupita upande huo, na Thika ndiko Land Rover zilikokuwa zimeanza kuunganishwa. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Katikati ya miaka hiyo bei ya mafuta duniani ikapanda mara ya pili, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikameza fedha za kigeni pamoja na magari yenyewe, maana hata malori na Land Rover za raia zilichukuliwa kwenda mstari wa mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana petroli. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na mtu aliyekuwa na tairi mbili za akiba uvunguni alianza kujiuliza atajitetea vipi.

Hapo ndipo magari yalipoanza kulazwa. Naona historia yetu inalipita jambo hili haraka mno. Tunasimulia foleni za sabuni na sukari, tunasahau mabanda. Kulikuwa na watu waliokaa wakapiga hesabu, wakaona gari likiendelea kutembea bila spea litakufa kabisa, wakaamua kulipandisha juu ya mawe wakisubiri nchi ipumue. Wengine walifungua la pili ili la kwanza liishi. Ninaamini uhaba huohuo ndio uliotuhifadhia magari haya. Kama raba zingepatikana mwaka 1982, mjomba angeliendesha gari lake hadi lisalie chesisi tupu, na sisi leo tusingekuwa na la kuamsha.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata. Pikapu za Kijapani zikaanza kupanda Mgeta, na mjomba naye baadaye akapata moja. Land Rover ikabaki bandani.

Tuliishusha mjini juu ya lori. Fundi tuliyempelekea ni mzee aliyejifunza kazi katika karakana ya shirika moja la umma, na gereji yake iko Msamvu, chini ya mwembe. Siku ya kwanza hakushika spana. Aliingia chini ya gari na nyundo ndogo, akawa anagonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Alumini ya bodi haishiki kutu kama chuma, lakini chesisi ni chuma, nayo huoza kuanzia ndani. Palipo pazima hulia, palipooza hunyamaza. Sehemu mbili zilinyamaza, zote karibu na springi za nyuma. Zilikatwa na kuchomelewa bati nene. Pale alumini ilipogusana na chuma tulikuta unga mweupe, kwa kuwa metali mbili tofauti zikikutana penye unyevu hulana.

Injini ilikuwa imeshika. Wapwa tulitaka kuikokota kwa lori ili izunguke. Fundi akatukataza kwa sauti ambayo mjomba angeitambua. Ringi za pistoni zikiwa zimeganda kwenye kuta za silinda, nguvu huzivunja, na ringi iliyovunjika huchimba silinda yote. Akamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika matundu manne ya plagi, akasema turudi baada ya wiki. Tuliporudi akaongeza. Wiki ya tatu akachomeka hendeli pale mbele, akaisukuma kidogo kulia, kidogo kushoto, kama anayemgeuza mgonjwa kitandani. Ilipogeuka sote tulikaa kimya.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya uvumilivu. Panya walikuwa wamekula nyaya, na zile walizoziacha ganda lake lilikatika ukizikunja, hivyo nyaya zote zikafungwa upya. Petroli iliyosahaulika katika tangi ilikuwa imegeuka utomvu mweusi unaonuka kama vanishi; tangi likaoshwa mara nne. Sahani ya klachi ilikuwa imegandana na gurudumu la injini. Oili ya zamani ilitoka na rangi ya kijivu, dalili ya maji. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na kwa miaka arobaini yalikuwa yameyatafuna masilinda ya breki kutoka ndani, kwa hiyo hayo yalibadilishwa yote. Spea safari hii zilipatikana kwa siku chache tu.

Kabla ya kuwasha, fundi aliizungusha injini bila plagi hadi akahakikisha oili imefika juu kwenye valvu. Petroli akaitundika katika dumu dogo juu ya kabureta, kwa sababu hakuliamini tangi bado. Tena petroli yenyewe si ile aliyoiacha mjomba: mafuta yenye risasi yaliondolewa katika nchi za kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na gari hili lililala kabla ya hapo. Akasafisha platini kwa msasa, akafunga nyaya za plagi kwa mpangilio wa moja, tatu, nne, mbili. Iliwaka mara ya sita. Moshi ulijaa gereji nzima, na binti mkubwa wa mjomba akalia.

Kusubiri spea ni ugonjwa wa zamani huku kwetu, wenye umri mkubwa kuliko Land Rover yenyewe. Gari la kwanza kukatisha Afrika kutoka bahari hadi bahari lilitoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907, likiendeshwa na Mjerumani Paul Graetz. Nalo liliharibika njiani, likasubiri vipuri kutoka Ulaya, likafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909.

Oktoba 2024 zaidi ya Land Rover elfu moja zilikusanyika Arusha, nyingi zikiwa zimeng'arishwa hadi unajiona usoni. Nilifurahi kuziona picha zile. Ya kwetu hatukuing'arisha. Kwenye mlango wa kushoto bado yanasomeka kwa shida maneno "Mgeta–Morogoro" yaliyoandikwa kwa brashi, na tulikubaliana yeyote asiyaguse. Mikwaruzo ya magunia kwenye bati la nyuma ipo. Kijani chake kimepauka, na kitabaki hivyo.

Tuliirudisha Nyandira kwa magurudumu yake yenyewe, kupitia Sangasanga. Siku moja kabla ya safari hiyo, fundi alipokuwa akisafisha kisanduku cha zana chini ya kiti, alitoa bahasha ndogo iliyofungwa kwa uzi wa katani. Ndani mlikuwa na raba za breki, seti nzima, hazijawahi kutumika. Mjomba alizipata; lini na kwa nani, nyumbani hakuna ajuaye. Fundi aliibonyeza moja kwa kidole gumba, ikakatika vipande viwili kama biskuti. Akavirudisha vyote katika bahasha, akafunga uzi uleule, akaiweka tena chini ya kiti.