Wakata mkonge na mkataba wa Geneva

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika Tanganyika ikiwa hai ni 62 tu. Kutokana na miche hiyo 62 yakaanzishwa mashamba yaliyotaka mikono mingi kuliko watu waliokuwa radhi kwenda.

Mikono hiyo ilikuwa ya manamba. Kuanzia 1944 ofisi ya wenye mashamba, SILABU, iliwakusanya watu Kigoma, Songea na hata Ruanda-Urundi, ikawapeleka mbali na kwao kwa mkataba. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30, na mshahara haukutoka mpaka siku zitimie. Zaidi ya hayo, sheria ya kikoloni ya 1923 ilimhesabu mtoro wa kazi kuwa mhalifu. Mtu aliweza kufungwa kwa kuacha kibarua!

Juni 1958, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 110 wa wafanyakazi wa mashamba makubwa. Ulitaja mazao yenyewe: kahawa, chai, miwa, mpira, ndizi, tumbaku, na mkonge pia. Ukiusoma unaziona dhuluma ulizokusudia kuzikomesha. Mfanyakazi aliyeandikishwa mbali asijigharimie safari. Mshahara ulipwe kwa fedha halali, si kwa kuponi wala pombe. Kila wiki kuwe na mapumziko ya saa 24, mwanamke apate likizo ya uzazi ya wiki 12, na wafanyakazi wawe huru kuunda chama chao.

Mkoani Tanga hawakuisubiri Geneva. Mwaka huohuo wakata mkonge wa Mazinde waligoma, na baadaye chama chao chini ya Victor Mkello kikawa miongoni mwa vyama vyenye nguvu kabisa Tanganyika.

Mkataba wenyewe umepuuzwa, na inasikitisha. Nchi zilizouridhia hazifiki 15. Brazil na Liberia zilijiunga, kisha zikajitoa. Tanzania na Kenya hazimo.

Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, ambazo ni wiki 12 kamili. Lakini kwa kawaida humtaka mfanyakazi awe ametimiza miezi 6 kazini, na kibarua anayeajiriwa wiki chache, leo shamba hili na kesho lile, huifikisha kwa taabu.