Kuzeeka kwenye Kiti Mwendo

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, aliyeumia uti wa mgongo hakutarajiwa kuzeeka. Vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo vilimuua mapema. Mwaka 1944, huko Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann, mkimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani, aliagiza wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana. Wakaishi. Lakini baada ya miongo ya kusukuma magurudumu mabega huchakaa, na mwinuko uliopandika ujanani humshinda mzee. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka 2010, inataka majengo ya umma yafikike. Naingia ofisi hizo mara kwa mara; mpaka leo nawaona wazee wakibebwa ngazini kama magunia.