Barafu Inapopima Nyaya

Picha ya waya uliovikwa barafu, tawi lililopinda au taa ya barabarani iliyoota vidole vya barafu huishia kwenye kalenda, kama pambo. Kuziweka huko ni kuzipunja. Barafu ikigandia kitu cha kila siku hukijaribu nguvu, na kamera huyanasa matokeo kabla jua halijayafuta. Kwa hiyo picha hizo ni ushahidi wa historia. New York ya Machi 1888 ndiyo mfano ninaouamini zaidi. Miaka michache kabla ya hapo, mpiga picha alilazimika kupaka kioo kemikali, kupiga na kusafisha picha kioo kikiwa bado kibichi, hivyo chumba cha giza kilimfuata kila aendako. Vioo vikavu vilivyotengenezwa viwandani vilimwondolea mzigo huo, na tufani kubwa ya theluji ilipoikumba Manhattan, aliweza kutoka na vioo tayari na kuvisafisha baadaye. Katika picha za siku zile theluji imerundikana hadi madirishani, lakini jicho huvutwa juu: nguzo zimevunjika, nyaya za telegrafu na simu zimelegea na kusokotana juu ya mitaa. Kuna watakaosema picha hazikubadilisha kitu, kwa kuwa sheria ya kufukia nyaya ilipitishwa mwaka 1884. Ni kweli, na vifo vya waliopigwa na umeme wa nyaya za juu vilichangia pia nyaya kufukiwa. Ila kampuni zenye nyaya zilikuwa zikivuta miguu, na jiji lilianza kuzikata nguzo mwaka 1889 tu, chini ya Meya Hugh Grant. Sidai kwamba picha ziliangusha nguzo. Zilionyesha gharama ya kuchelewa, jambo ambalo karatasi ya sheria haiwezi kulionyesha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba uzuri huficha msiba. Januari 1998, mvua ilinyesha kwa siku kadhaa kusini mwa Quebec na mashariki mwa Ontario, ikipita kwenye hewa vuguvugu, kisha kwenye tabaka jembamba la baridi karibu na ardhi, na kuganda papo hapo ilipogusa kitu. Barafu hiyo ni angavu kama kioo. Waya huonekana ndani yake kama mstari mweusi. Uzito wake uliangusha minara ya chuma ipatayo 1,000 na nguzo za mbao karibu 30,000. Mamilioni walikaa gizani, wengine kwa zaidi ya mwezi, na watu zaidi ya 30 walifariki. Picha iliyokatwa ikabaki mng'aro peke yake inawadhulumu watu hao, nakubali. Lakini kosa hapo ni la mkato. Mnara ukionekana wote, umekunjika kiunoni huku nyaya zimelala shambani, uzuri ndio unaomshika mtazamaji mpaka auone uharibifu. Na picha ikiwa na tarehe, mahali na kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, mhandisi anaweza kukadiria unene wa barafu hata miaka mingi baada ya kuyeyuka.