Ruhusa ya Muda kwa Mfungwa

Mfungwa wa gereza la Tarime au la Mugumu, wilayani Serengeti, apatapo habari kwamba mzazi wake amefariki dunia, jambo la kwanza alitakalo aghalabu si kuachiliwa huru, bali ni kufika nyumbani akatie udongo kaburini pamoja na ndugu zake, kisha arudi alikotoka. Haja hiyo ndiyo iliyozaa istilahi ya ruhusa ya muda, yaani idhini ya maandishi ya kutoka gerezani kwa saa au siku zilizotajwa, kwa sababu iliyotajwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955 kuhusu wafungwa ziliigusa. Na zilipofanywa upya Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, ambaye mwaka 1968 alinyimwa ruhusa ya kumzika mama yake, na mwaka 1969 ya kumzika mwanawe, kanuni ya 70 ilisema kwamba, hali ikiruhusu, mfungwa akubaliwe kwenda, peke yake au chini ya ulinzi, kumwona jamaa aliye mahututi au kuhudhuria maziko.

Istilahi hii yapasa itengwe na jirani zake. Msamaha wa Rais, uliomo katika ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, huondoa adhabu au huipunguza. Parole, iliyoletwa na sheria ya mwaka 1994, humtoa mfungwa amalizie sehemu ya kifungo chake uraiani kwa masharti. Mwenye ruhusa ya muda yungali mfungwa, na hukumu yake haikuguswa.

Kuiita likizo hakufai, kwa kuwa likizo yanukia mapumziko, na aendaye maziko hapumziki. Ruhusa, ambayo asili yake ni rukhsa ya Kiarabu, yafaa zaidi: katika fikihi, rukhsa ni nafuu apewayo mtu kwa dharura, kama mgonjwa aachaye saumu ya Ramadhani kisha akailipa apatapo afya; uzito hupunguzwa, na wajibu hubaki pale pale.

Katika Tarime na Serengeti jambo hili lina uzito wake. Watu wa huko huzika nyumbani, na baada ya maziko ukoo hukutana kupatana juu ya ng'ombe, mashamba na malezi ya mayatima. Asiyekuwapo huamuliwa bila ya kauli yake. Ni kweli kwamba mpaka wa Sirari u karibu, na afisa wa magereza ana haki ya kuhofia mtu asije akavuka kwenda Kenya; lakini dawa ya hofu hiyo ni hati iliyoandikwa sawasawa, itajayo kijiji aendako mfungwa, saa ya kutoka na ya kurejea, askari wa kufuatana naye na jamaa aliyemdhamini, wala si kumnyima kila mwombaji. Aliyefungwa kwa wizi wa mifugo au kwa kukutwa na nyara za Serikali, yaani nyama au viungo vya wanyamapori, akizika na kurejea kwa wakati, amewaonyesha wanakijiji, ambao ndio watakaompokea kifungo kikiisha, kwamba ahadi yake yaweza kuaminiwa.