Karafuu, Jasho na Mvuke

Msomaji, ukiona punje ya karafuu jikoni, iweke kiganjani uitazame. Ni ndogo, nyeusi, ina umbo la msumari, wala haipendezi macho. Lakini kwa ajili yake merikebu zilivuka bahari, miti ilikatwa makusudi, na watu wengi walinyang'anywa uhuru wao. Yatupasa kujiuliza: ndani ya kipunje hiki mna nini, hata kikatafutwa kwa gharama kubwa hivyo?

Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia. Katika karne ya 17 Waholanzi walitaka biashara yote iwe yao peke yao. Wakaamuru mikarafuu ya visiwa vingine ikatwe, ibaki Ambon na visiwa vilivyo jirani tu, ili bei isishuke. Hila hiyo haikudumu. Mnamo mwaka 1770 juhudi za Mfaransa Pierre Poivre zilifanikiwa, miche ikafikishwa kisiwa cha Morisi. Na mapema katika karne ya 19 mikarafuu ikawasili Unguja.

Seyyid Said alipoona kwamba ardhi ya Unguja na Pemba yaupenda mti huo, aliwahimiza wenye mashamba waupande. Mashamba yakaenea, lakini ni nani waliolima na kuchuma? Karafuu huchumwa kwa mkono, shada kwa shada, kabla ua halijafunuka, na kazi hiyo yahitaji watu wengi. Basi watumwa wakaletwa kutoka bara kwa maelfu. Wahenga walisema, "Mchumia juani hulia kivulini". Hawa walichuma juani, na kivulini wakala wengine. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ila ile ya Pemba ilinusurika kwa wingi. Hali ya utumwa ilikuja kufutwa kisheria katika visiwa hivyo mwaka 1897.

Sasa turudi kwenye swali letu. Mafuta ya kula yakikaa wazi hushambuliwa na oksijeni iliyo hewani. Chembe moja ikiharibika huiharibu jirani yake, na hiyo nayo nyingine, kama moto upitao katika majani makavu, hata mafuta yote yakanuka. Ndani ya karafuu mna kitu kiitwacho eugenoli. Hicho huipa chembe iliyoharibika kile inachokitafuta, nayo ikatulia, na moto ule ukazimika njiani. Vitu vya namna hii wataalamu huviita antioksidanti.

Je, eugenoli hutolewaje? Hapa ndipo makonyo yanapopata heshima yake. Makonyo ni vile vijiti vinavyoshika punje, ambavyo hutengwa karafuu ikisha kuchumwa. Punje kavu ina mafuta kama 15 hadi 20 kwa mia. Makonyo yana 5 hadi 7 hivi, lakini karibu yote ni eugenoli. Huko Wawi, Pemba, kiko kiwanda cha kazi hiyo. Makonyo hujazwa katika pipa kubwa, mvuke hupitishwa humo, nao hutoka umebeba mafuta. Ukipozwa hugeuka maji na mafuta. Na usishangae ukiona mafuta hayo yakizama chini, kwa maana ni mazito kuliko maji.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kila mmea wenye harufu hutii mvuke. Mwaka 1952 wataalamu wa Marekani walitoa matokeo ya kupima viungo 32, na rosmari ilikuwa miongoni mwa vilivyoshinda katika kuyalinda mafuta ya nguruwe. Lakini mvuke huchukua manukato yake tu. Nguvu kubwa ya kulinda hubaki katika jani, nayo huhitaji kutolewa kwa spiriti au kiyeyushi kingine. Harufu na kinga si kitu kimoja.

Waholanzi walidhani utajiri wa karafuu uko katika kuumiliki mti. Wenye mashamba wa Unguja waliutafuta katika kumiliki watu. Leo twajua kwamba hata kijiti kilichodharauliwa kina hazina, kwa yeye ajuaye kuitoa. Basi, msomaji, jifunze kemia kwa bidii, ila usiisahau historia. Maana maarifa hayo yatakuwa na baraka pale tu achumaye juani atakapopata naye kula kivulini.